Je, Wajua? Ukuta Mfupi, Kazi Ndefu

Je, wajua kwamba upandaji wa kuta fupi hauna kamba? Ukuta wa Olimpiki una kimo cha mita 4.5, chini pametandikwa magodoro mazito, na mpandaji ana viatu vya kubana na unga mweupe wa kukausha jasho la viganja. Basi. Unga huo uliletwa kwenye miamba miaka ya 1950 na Mmarekani John Gill, aliyeuchukua kutoka jimnastiki.

Je, wajua kwamba washindani hawaruhusiwi kutazamana wakipanda? Hutengwa nyuma ya ukumbi bila simu. Kabla ya fainali hutolewa pamoja, wakapewa dakika 2 za kuichunguza kila njia. Utawaona wapinzani wamesimama bega kwa bega, shingo zimeinuka, mikono ikishika vishikio hewani, wakishauriana. Kisha hurudishwa ndani. Zamu ikifika, kila njia ina dakika 4. Aliyebaki ndani husikia kelele za mashabiki tu; mwenzake amefika au kaanguka, atajaza mwenyewe.

Je, wajua kwamba mwaka 2019 Janja Garnbret wa Slovenia alishinda mashindano yote 6 ya Kombe la Dunia la ukuta mfupi msimu huo? Hakuna aliyewahi kufanya hivyo kabla yake, awe mwanamume au mwanamke. Mwezi Agosti mwaka huohuo, Hachioji nchini Japani, akazoa dhahabu 3 za ubingwa wa dunia.

Na Olimpiki ya Tokyo? Fainali ya wanawake, Agosti 2021, ilikuwa na njia 3 za ukuta mfupi. Garnbret alifika juu kwenye 2. Wenzake 7 hawakufika juu hata kwenye moja.

Je, wajua kwamba Tokyo, ambako aina 3 za upandaji ziliunganishwa kwa medali moja, walikuwa wakizidisha nafasi badala ya kuzijumlisha? Nafasi ya mbio za ukutani, mara ya ukuta mfupi, mara ya ukuta mrefu. Mwenye jibu dogo ndiye bingwa. Alberto Ginés López wa Hispania, kijana wa miaka 18, alikuwa wa 7 kati ya 7 kwenye ukuta mfupi na bado akavaa dhahabu: 1 × 7 × 4 = 28. Mpandaji wa mwisho wa usiku huo, Jakob Schubert wa Austria, alifika kileleni mwa ukuta mrefu, akamsukuma Adam Ondra wa Cheki hadi nafasi ya 2. Zao la Ondra likawa 48, nafasi ya 6. Schubert angeishia wa 2 nyuma yake, Ondra angekuwa na 24, na dhahabu ingekuwa yake! Hesabu hiyo haikurudi tena Olimpiki, na afadhali.

Je, wajua kwamba kupanda kunakokumbukwa zaidi Paris 2024 ni kule kusikotokea? Ai Mori wa Japani ana kimo cha sentimita 154. Njia ya kwanza ya ukuta mfupi kwenye fainali ilianza na vishikio vya kurukia. Akaruka, akakosa. Akapaka unga, akaruka tena, dakika zote zikaisha. Sifuri. Baadaye akawapita wote kwenye ukuta mrefu kwa alama 96.1, akamaliza wa 4 akiwa na jumla ya 135.1. Shaba ilikwenda kwa Jessica Pilz wa Austria, 147.4. Njia moja ilibeba hadi alama 25. Piga hesabu mwenyewe. Wasimamizi waliitetea njia hiyo, lakini mtihani unaomnyima mtu hata kuanza ni mtihani mbovu.

Je, wajua kwamba Waafrika waliopanda Olimpiki hadi sasa, Tokyo na Paris, wote ni wa Afrika Kusini?

Na Los Angeles 2028, ukuta mfupi utakuwa na medali zake peke yake kwa mara ya kwanza.