Mbele ya Jopo: Maswali Magumu ya Usaili wa Kazi, Sange na Uvira

Swali gumu la usaili mara nyingi ni fupi. "Tueleze habari zako." "Mbona uliacha kazi ya kwanza?" "Kwa nini tukuchukue wewe, tumwache mwenzako anayengoja nje?" Maneno yenyewe hayana ugumu wowote. Kinachomtoa mtu jasho ni kutojua jopo linatafuta nini. Na majopo, yawe ya shirika la misaada pale Uvira au ya kituo cha afya huko Sange, hutafuta mambo yaleyale: kama mtu anaiweza kazi, kama anaaminika, na kama atabaki kazini siku mambo yakichafuka. Anayejua swali aliloulizwa linagusa lipi kati ya hayo ameshapata nusu ya jibu.

Katika Uwanda wa Ruzizi, mashariki mwa Kongo, jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa nafasi za mshahara ni chache mno. Sange iko kwenye Barabara ya Taifa namba 5, ile inayoteremka kutoka Bukavu kupitia Kamanyola na Luvungi hadi Uvira. Kiwanda cha sukari cha Kiliba, kilichowahi kulisha familia nyingi za uwanda huu, kilisimama katika miaka ya 1990. Tangu hapo kijana mwenye diploma hutegemea ualimu, afya, utumishi wa serikali, au kazi za ONG (mashirika yasiyo ya serikali), nyingi zikiwa za mikataba mifupi. Tangazo hubandikwa ubaoni au hupita WhatsApp. Dosie hupelekwa: barua ya maombi, CV, nakala za diploma, kadi ya mpiga kura, na mara nyingi kadi ya mtafuta kazi ya ONEM, Ofisi ya Taifa ya Ajira. Hufuata mtihani wa kuandika, na wachache waliofaulu ndio huitwa mbele ya jopo. Kwa hiyo aliyefika hapo elimu yake imeshapimwa. Wengi huusahau ukweli huo, wakaingia na kuanza kukariri masomo ya chuo mbele ya watu waliokwisha kuona alama zao.

Kitu kingine kinachowatisha wageni wa usaili ni jopo lisilotabasamu. Watu watatu wameinamia karatasi, kila mmoja anaandika, swali linasomwa kama tangazo, na jibu zuri halipati hata "vizuri". Hiyo si chuki wala dalili ya kushindwa. Watafiti wa Marekani, Frank Schmidt na John Hunter, walikusanya mwaka 1998 matokeo ya uchunguzi wa miaka 85 juu ya namna za kuchagua wafanyakazi. Waliona kwamba usaili wa maswali yaleyale kwa kila mtu, unaotolewa alama kwa kipimo kimoja, hubashiri vizuri zaidi utendaji wa mtu kazini kuliko mazungumzo ya kupiga soga. Mashirika mengi yamefuata njia hiyo. Msaili anainamia karatasi kwa sababu anajaza alama, na asipotabasamu anajizuia kumpendelea mmoja. Mwombaji aliyelijua hilo hatapoteza nguvu zake kutafuta kicheko cha jopo.

Swali linalopendwa sana katika usaili wa namna hiyo huanza na "tueleze siku moja". Tueleze siku uliyogombana na mwenzako kazini. Tueleze siku uliyoshindwa. Msingi wake ni kwamba alichotenda mtu jana kinaonyesha vizuri zaidi atakachotenda kesho kuliko anachoahidi leo. Jibu linalopoteza alama hapa ni lile la sifa tupu: "Mimi ni mtu wa bidii, napenda kushirikiana na wote." Halina siku, halina mahali, halina tendo, na msaili hana cha kuandika. Jibu linalobeba alama hueleza hali ilivyokuwa, kazi aliyokuwa amepewa mtu, alichokifanya yeye mwenyewe, na kilichotokea baadaye.

Tuseme kazi ni ya kuhamasisha usafi dhidi ya kipindupindu, ugonjwa ambao Uvira imeishi nao kwa miaka mingi. Mwombaji anaweza kusema hivi: "Baada ya mafuriko ya Aprili 2020 tulikuwa wawili kwenye kituo cha kutia klori kando ya ziwa. Mwenzangu alikuwa akichelewa, na akina mama walikuwa wakiteka maji na kuondoka bila dawa. Sikumsema mbele ya watu. Nilimwita kando, akanieleza kwamba asubuhi anamhudumia mama yake mgonjwa. Nilimwomba tubadilishane zamu, mimi nichukue asubuhi, kisha nikamjulisha msimamizi wetu. Tangu wiki ile kituo kilikuwa kikifunguliwa saa kumi na mbili kamili." Jibu hilo halizidi dakika moja. Ndani yake jopo limeona mtu anayeona tatizo, asiyemwaibisha mwenzake, anayechukua hatua na asiyemficha mkubwa wake. Hakujisifu kwa neno hata moja.

Neno "nilimwita" katika jibu hilo lina kazi kubwa. Malezi ya hapa humfundisha mtu asijitangulize, hasa mbele ya waliomzidi umri. Ndiyo maana wengi hujibu kwa "sisi" tangu mwanzo hadi mwisho: tulifanya, tulipanga, tulifaulu. Ni adabu nzuri, lakini jopo haliajiri "sisi". Mtu anaweza kutunza adabu kwa sauti yake, kwa kuita "Mama" na "Papa" panapostahili na kwa kuwapa wenzake haki yao, halafu akasema waziwazi sehemu iliyokuwa yake. Wanawake hupoteza alama nyingi hapa, kwa kuwa wamezoeshwa kujirudisha nyuma kuliko wanaume. Inauma kuona mwanamke aliyeendesha kazi nzima akitoka chumbani bila jopo kujua kwamba yeye ndiye aliyeiendesha.

Swali la aina nyingine humweka mtu ndani ya tukio ambalo halijatokea: ungefanyaje kama? Sange ina mfano wake mchungu. Tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka hapo, watu wakakaribia, wengine wakikinga petroli iliyokuwa ikivuja, kisha moto ukalipuka. Zaidi ya watu 200 walikufa, wakiwemo waliokuwa wamekusanyika kutazama mechi ya Kombe la Dunia. Dereva, mlinzi au mhudumu wa dharura anapoulizwa leo atafanya nini akikuta lori la mafuta limeanguka barabarani, jopo linasikiliza utaratibu wa hatua. Kwanza kujikinga mwenyewe na kusimama mbali. Pili kuwasogeza watu na kuzuia moto wowote, sigara, jiko, hata pikipiki inayowashwa. Tatu kutoa taarifa kwa wenye mamlaka na kwa mkubwa wake. Baada ya hapo ndipo misaada. Anayeanza na "ningekimbilia kuwaokoa" ana moyo mwema, lakini ametaja njia iliyowaua wengi. Katika maswali ya namna hii mpangilio wa hatua ndio unaopewa alama, na mtu anaruhusiwa kunyamaza kidogo akafikiri kabla hajafungua kinywa.

Udhaifu ni swali linalojibiwa kwa ujanja mwingi na faida ndogo. "Udhaifu wangu ni kwamba nafanya kazi kupita kiasi" limesikika mara nyingi hadi limekuwa dalili ya kutojiandaa. Linalofaa ni udhaifu wa kweli usiovunja kazi yenyewe, pamoja na kile mtu anachokifanya kuurekebisha: "Kifaransa changu cha kuandika ni kizito. Ripoti yangu huwa naimaliza siku moja kabla, mwenzangu anaipitia, ndipo naituma." Dereva asiseme ana haraka, wala mtunza ghala asiseme anasahau hesabu.

Lugha yenyewe huwa kizingiti. Mtu aliyefanya kazi yake yote kwa Kiswahili na Kifuliiru hukuta maswali yanakuja kwa Kifaransa. Sentensi fupi zilizo sahihi humfikisha mbali kuliko ndefu zinazopotea njiani, na kuomba swali lirudiwe hakupunguzi alama. Kukisia swali na kujibu jingine ndiko kunakopunguza.

Halafu lipo pengo kwenye CV. Katika uwanda huu karibu kila mtu analo. Februari 2025 maelfu waliokimbia vita walivuka mto Ruzizi kuingia Burundi, wengi wakilala kwenye uwanja wa mpira wa Rugombo, na Desemba mwaka huohuo wimbi jingine likavuka. Wapo waombaji wanaoficha miezi hiyo kwa kurefusha tarehe za kazi ya zamani. Ni kosa baya, kwa sababu mashirika huwapigia simu waajiri wa zamani, na tarehe moja ya uongo huangusha dosie nzima. Kukimbia vita si aibu, wala hakuhitaji maelezo marefu. "Kuanzia Februari hadi Agosti tulikuwa Burundi na familia. Kule nilisaidia kuandikisha watu waliokuwa wakifika. Niliporudi nilianza kutafuta kazi tena." Inatosha. Jopo halidai mtu asimulie msiba wake, na mwombaji ana haki ya kusimama hapo.

Kuhusu mshahara, kosa la kawaida ni kusema "chochote mtakachonipa". Mwenye kujiandaa huuliza kwanza wenzake kazi kama hiyo inalipwaje Uvira, akataja kiwango cha chini na cha juu anachokubali. Tena huuliza kama kiasi kinachozungumzwa ni kabla ya makato au baada yake, kwani kodi na mchango wa hifadhi ya jamii wa CNSS, ambao kwa upande wa mfanyakazi ni asilimia 5, hutoka humohumo.

Yapo maswali ambayo ugumu wake unatokana na kwamba hayakupaswa kuulizwa. Kabila ni la kwanza. Huko Uvira na Sange wanaishi Wafuliiru, Wavira, Warundi, Wanyamulenge, Wabembe na wengine, na vita vimefanya swali hilo liwe la hatari. Sheria ya Kazi ya 16 Oktoba 2002, katika kifungu cha 62, haikubali kabila, jinsia, ndoa, mimba, dini wala maoni ya siasa kuwa sababu ya kumfukuza mtu kazi. Mkataba namba 111 wa Shirika la Kazi Duniani, ambao Kongo iliuridhia mwaka 2001, unakataza ubaguzi hata mlangoni pa kuajiriwa. Hata hivyo ni vizuri kutofautisha. Kuuliza kama mtu anasema Kirundi, kwa kazi ya kuwapokea wakimbizi wa Burundi, ni swali la kazi. Kuuliza atafanyaje kazi katika kijiji kisichowapenda watu wa kwao ni swali la kazi pia, na jibu lake liko katika misingi ya kutopendelea na kutoegemea upande: kupitia kwa viongozi wa mahali, kusema wazi vigezo vya msaada, kufuata orodha bila kujali jina. Kuuliza "wewe ni wa nani?" bila sababu ya kazi ni jambo jingine. Mwombaji anaweza kulirudisha kwa upole: "Naweza kufanya kazi na jamii zote za hapa, na lugha ninazozisema zimo kwenye CV yangu."

Mwanamke naye huulizwa kama ameolewa au anatarajia kuzaa. Hofu iliyojificha ni kutokuwapo kazini, na hiyo ndiyo inayoweza kujibiwa: "Kazi inataka kulala vijijini siku 3 kwa wiki, nimeshapanga na nyumbani, nitakuwapo." Uzazi wenyewe una sheria yake, likizo ya wiki 14, na mwajiri hana ruhusa ya kuufanya kigezo.

Baya zaidi ya hayo ni ombi linalokuja nje ya chumba, kwa simu au kwa mtu wa kati. Sehemu ya mshahara irudishwe kila mwezi kwa aliyempa mtu kazi, kile kinachoitwa hapa opération retour. Au mwanamke aitwe hotelini jioni "kumalizia usaili". Mwaka 2021 tume huru iliyochunguza kazi ya kupambana na Ebola huko Kivu ya Kaskazini na Ituri, kati ya 2018 na 2020, ilitaja watuhumiwa 83 wa unyanyasaji wa ngono, 21 kati yao wakiwa wameajiriwa na Shirika la Afya Duniani. Wanawake wengi walisimulia kwamba kazi ndiyo iliyotumiwa kuwanasa. Kanuni za Umoja wa Mataifa za Oktoba 2003 zinakataza kabisa kutoa kazi, pesa au bidhaa kwa ngono, na ngono yoyote na aliye chini ya miaka 18. Leo ONG nyingi huuliza juu ya kanuni hizo katika usaili, hata kwa mlinzi na mpishi: ungefanya nini ukimwona mkubwa wako akitenda hivyo? Jibu linalotakiwa ni kutoa taarifa kwa njia ya siri iliyowekwa, bila kumchunguza mtuhumiwa mwenyewe na bila kumtangaza mhanga. Njia hiyohiyo ya malalamiko iko wazi kwa mwombaji aliyeombwa rushwa au mwili, hata kama hakuajiriwa. Ujumbe wa simu, tarehe na jina la aliyeomba vinafaa kuhifadhiwa.

Mwishoni jopo huuliza kama mwombaji ana swali. "Hapana, asanteni" si kosa, ila linaacha mengi gizani. Yafaa kuuliza kazi itaanza lini, kituo kiko wapi, msimamizi ni nani, na mkataba ni wa muda gani. Lafaa zaidi kuulizwa lile la kipindi cha majaribio, kwa kuwa kwa Sheria ya Kazi majaribio yasiyoandikwa hayahesabiki. Yakiandikwa, hayazidi mwezi 1 kwa kibarua wa kawaida na miezi 6 kwa wafanyakazi wengine.