Imani na mizani katika maduka ya Ufipa

MTU akikuelekeza "grosari" mjini Sumbawanga, usiende na orodha ya sukari, chumvi na mafuta ya kula. Kama ilivyo kwingine nchini, grosari ni mahali pa bia. Anayeuza vyakula ana duka, na mara nyingi tofauti hiyo ndiyo dalili ya kwanza ya dini ya mwenye mali.

Mwislamu anayeshika dini haweki bia dukani. Wasabato na walokole nao hawaweki, na Msabato hafungui kuanzia jua linapozama Ijumaa hadi Jumamosi jioni. Wanajua wanachokiacha, hasa msimu wa mavuno fedha za mahindi zinapokuwa mifukoni mwa watu. Wakatoliki, ambao ndio wengi Ufipa tangu Mapadri Weupe walipokabidhiwa ngome ya Karema mwaka 1885, hawana katazo hilo.

Lakini kuacha kuuza bia ni sehemu nyepesi. Mteja anakuona, na waumini wenzako wanakusifu. Kazi iko kwenye mizani, kwa sababu mwenye duka wa Ufipa si muuzaji tu. Huyo huyo anayempimia mkulima sukari ndiye mara nyingi anayenunua mahindi, maharage na ulezi wake.

Hapo ndipo lumbesa inapoingia. Gunia la kilo 100 hujaa kwa debe sita hivi za mahindi. Lumbesa huongezwa kilemba juu, likafika debe saba au nane, na bado huhesabiwa gunia moja. Mkulima mwenye debe 84 alistahili kulipwa magunia 14. Kwa lumbesa ya debe saba analipwa 12. Magunia mawili yamekwenda bila mtu kuvunja ghala.

Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, ipo, na Wakala wa Vipimo ulianzishwa mwaka 2002. Dini zilitangulia mbali. Mambo ya Walawi, sura ya 19, inaamuru mizani ya haki, na Kurani ina sura nzima, ya 83, iliyopewa jina la wanaopunja vipimo. Padri na shehe hawana la kubishana hapa.

Kwenye mkopo pia wanakaribiana kuliko wengi wanavyodhani. Mwezi Januari na Februari, ghala likiwa tupu, mkulima huchukua unga na sabuni kwa daftari, au huuza mahindi yakiwa bado shambani. Fiqhi ya Kiislamu inaruhusu kuuza mazao ambayo hayajavunwa, mkataba unaoitwa salam, lakini kwa masharti: bei ilipwe yote papo hapo, na kiasi, ubora na siku ya kukabidhi vijulikane. Kumpa mtu fedha ya gunia moja ili arudishe mawili kwa sababu ana njaa ni jambo jingine. Hiyo ni riba. Upande wa Wakatoliki, Papa Benedikto XIV aliilaani riba katika waraka wake wa mwaka 1745.

Baadaye imani hizo zilizaa hata mabenki. Mkombozi, yenye mizizi katika Kanisa Katoliki, ilianza mwaka 2009, na Amana, inayofuata sharia, mwaka 2011. Zote zilianzia Dar es Salaam. Mkulima wa kijijini anayeishiwa chakula Februari bado hukutana kwanza na daftari la dukani.

Sumbawanga ina sababu yake ya ziada ya kutaka biashara iendeshwe mchana kweupe. Jina la mji huelezwa kuwa ni amri: tupa uchawi. Anayetajirika haraka hunong'onwa kuwa ana ndagu. Kwa mtazamo wangu, bei iliyoandikwa na mizani iliyowekwa mbele ya mteja hujibu minong'ono hiyo vizuri kuliko kiti cha mbele kanisani. Wamoravian, waliofika Rungwe mwaka 1891, walikuwa na mfano wao: duka la Abraham Dürninger huko Herrnhut, Ujerumani, lililoanza mwaka 1747, lilijulikana kwa bei moja kwa kila mteja.

Je, haki inalipa? Barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga ilijengwa kwa lami kupitia mpango wa MCC wa Marekani uliosainiwa mwaka 2008, na lami ikarahisisha safari ya malori ya wanunuzi wa mbali. Tuchukue mfano. Mgeni anataja Sh60,000 kwa gunia, lakini lake ni lumbesa ya debe nane. Mwenye duka mcha Mungu anataja Sh48,000 kwa gunia la debe sita. Wa kwanza analipa Sh7,500 kwa debe, wa pili Sh8,000. Mkulima aliyesikia 60,000 na 48,000 anapeleka mzigo kwa mgeni, na anaondoka akimwona jirani yake bahili.

Kwa hiyo mwenye duka asiyetaka lumbesa hana budi kuacha kutaja bei ya gunia. Ataje bei ya kilo, aipandishe mizani nje ya mlango, na amwache mkulima asome mwenyewe.