Uongo Unaogharimu Uhai

Mtu mwenye ualbino hafi, hutoweka tu. Kiungo chake kikitiwa kwenye dawa, mchimbaji ataona dhahabu na mvuvi atajaza nyavu. Kuzaliwa kwake ni laana ya ukoo, au mama alitembea na mzungu. Maneno haya yamesemwa kwa miaka mingi Kanda ya Ziwa nchini Tanzania, na wapiga ramli wameyafanya mtaji.

Yote ni uongo. Mtoto huzaliwa na ualbino anaporithi vinasaba vyake kwa baba na kwa mama pia, hata kama wazazi wenyewe wana ngozi nyeusi. Mwili wake hutengeneza melanini, yaani rangi ya ngozi na macho, kidogo mno, kwa hiyo jua humuunguza na macho huona kwa shida. Anahitaji mafuta ya kujikinga na jua, kofia pana na nafasi ya mbele darasani. Saratani ya ngozi ndiyo hatari yake ya kweli, lakini uvumi umemwongezea nyingine: panga.

Kuanzia mwaka 2007 hivi mauaji yalishika kasi Mwanza, Shinyanga na mikoa jirani. Hata makaburi ya watu wenye ualbino yalifukuliwa. Januari 2009 serikali ilifuta leseni za waganga wa jadi, na Septemba mwaka huo Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu kifo wanaume watatu waliomuua mvulana mwenye ualbino. Hata hivyo, wanunuzi wa viungo wenye fedha, ambao bila wao biashara hii isingekuwapo, wameonekana kizimbani kwa nadra sana.

Ibara ya 14 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kuishi. Lakini watoto wengi walihamishiwa vituo kama Buhangija, Shinyanga, mbali na wazazi wao. Waliotishiwa ndio waliowekwa nyuma ya ukuta, huku waliotishia wakibaki kijijini.

Mauaji nayo hayakukoma: Mei 2024, mtoto mwenye ualbino ambaye alikuwa hajatimiza miaka mitatu aliporwa kwa mamaye wilayani Muleba, kisha akauawa.

Februari 5, 2025, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua kwamba Tanzania imekiuka haki za watu wenye ualbino, ikiwamo ya uhai. Miongoni mwa iliyoyaagiza ni kuelimisha umma na kuirekebisha Sheria ya Uchawi, iliyorithiwa kwa mkoloni.

Elimu hiyo isisubiri wizara. Mwalimu, shehe, padri na mwenyekiti wa kijiji waitoe, na anayesikia mganga akitaja kiungo cha binadamu aende polisi siku hiyohiyo.