Msumbiji: Kwenda Kujifunza Kireno kwa Jirani

Hapa Sumbawanga ukimwuliza mtu nchi jirani ni ipi, atakutajia Zambia, kwa kuwa mpaka wa Kasesya hauko mbali, au Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Msumbiji huja mwisho, ingawa mpaka wetu nayo unafuata mto Ruvuma hadi baharini. Kiangazi hiki, likizo ya Juni ikifika, nakwenda huko kuishi na familia moja mjini Nampula ili nijifunze Kireno. Haya ndiyo niliyoyakusanya kwa ajili ya safari yangu, na kwa ajili ya yeyote wa huku kwetu Ufipa atakayetaka kufuata.

Ni nchi ndefu mno. Pwani yake ina zaidi ya kilomita 2,400, na mji mkuu, Maputo, uko kusini kabisa, karibu na Afrika Kusini. Mto Zambezi unaikata katikati, na juu ya mto huo, mkoani Tete, ndipo lilipo bwawa kubwa la umeme la Cahora Bassa. Saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, na fedha yao huitwa metical. Bendera yao ina bunduki, jembe na kitabu.

Daraja la Umoja pale Mtambaswala lilifunguliwa mwaka 2010, lakini ng'ambo yake ni mkoa wa Cabo Delgado, ambao umeteswa na mashambulizi ya wapiganaji tangu Oktoba 2017. Kwa hiyo nitapita Tunduma, Mbeya na Kasumulu, nivuke Malawi hadi Mandimba, kisha Cuamba. Kutoka Cuamba kuna treni ya abiria hadi Nampula, inayopita katikati ya vilima vya mawe matupu vilivyochomoza kwenye tambarare. Juni sisi huku juu tunashinda na makoti. Nampula iko chini zaidi na kuna joto. Mvua zao kubwa huanza Novemba au Desemba.

Nampula ni nchi ya Wamakua, na Kimakua ndiyo lugha ya nyumbani yenye wasemaji wengi kuliko zote Msumbiji. Kireno ni lugha ya shule, mahakama na ofisi. Sensa ya mwaka 2017 ilionyesha kwamba takriban nusu ya wananchi wanakizungumza, na ni wachache waliokinyonya kwa mama zao. Hilo linanipa moyo: wengi nitakaoongea nao walijifunza Kireno kama nitakavyojifunza mimi, juu ya lugha ya kwao. Heshima nayo haitanipa shida. Baba mwenye nyumba nitamwita Papá, mkewe Mamã, na mkubwa nisiyemjua nitamwambia o senhor au a senhora. Neno lao tu, yaani wewe, ni la watu wa rika moja.

Mezani nitakuta ugali, wanaouita xima, mara nyingi wa muhogo, pamoja na matapa, yaani kisamvu kilichotwangwa na kupikwa kwa karanga na tui la nazi. Aliyekulia ugali wa ulezi na migebuka hatalala njaa. Siku ya mapumziko nataka kufika Ilha de Moçambique, kisiwa kidogo cha mawe kilichounganishwa na bara kwa daraja. Kilikuwa makao makuu ya Wareno hadi mwaka 1898, na mabaharia Waswahili walikuwa wakitia nanga hapo kabla Vasco da Gama hajafika mwaka 1498.

Lakini sababu yangu kubwa ni deni. FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, kilizaliwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962. Wapiganaji wake walifunzwa Kongwa na Nachingwea. Rais wake wa kwanza, Eduardo Mondlane, aliuawa kwa bomu Dar es Salaam mwaka 1969. Hadi uhuru ulipopatikana tarehe 25 Juni 1975, maelfu ya Wamsumbiji walikuwa wameishi kwetu na kujifunza Kiswahili. Mwaka 2004, Joaquim Chissano, Rais wa Msumbiji wakati huo, alihutubia wakuu wa Umoja wa Afrika mjini Addis Ababa kwa Kiswahili hicho. Sisi tuliowapokea, ni wangapi tunaoweza kumjibu jirani huyu kwa lugha ya nchi yake?

Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC) inatumia Kireno, Kiingereza na Kifaransa, na tangu Agosti 2019 Kiswahili kimeongezwa. Itahitaji wakalimani na walimu wa Kireno na Kiswahili, wafanyabiashara na wauguzi pia. Watoke Dar es Salaam, na watoke mkoani kwetu Rukwa vilevile. Nikirudi nitawafundisha vijana wa mtaani kwetu kile kidogo nitakachokuwa nacho, ili mwakani aende mwingine, naye akae na familia, ale nao, asikilize, aulize. Urafiki ambao wazee wetu waliulipia kwa damu unastahili kizazi kinachoweza kuuzungumza kwa lugha zote mbili.