SHULE YENYE JINA NA WATOTO WA WAFANYAKAZI

Kila mwaka matokeo ya mitihani yakitangazwa, magazeti hujaza kurasa kwa majina ya shule. Hupangwa kwa safu, iliyoshinda juu, iliyoshindwa chini. Kwenye lango la kiwanda cha saruji Hima, katika mashamba ya Mubuku na sokoni Mpondwe, wazazi husoma au husomewa, kisha huuliza: "Nifanye nini mtoto wangu aingie shule ile?"

Ndugu wafanyakazi, swali hilo ni la haki. Lakini liko swali jingine ambalo gazeti halijibu, nalo lapasa kuulizwa kwanza: Shule ile iliwapokea watoto wa namna gani?

PAMBA SAFI NA PAMBA FIFI

Wakulima wa pamba wa Nyakatonzi wanalijua jambo hili bila kufundishwa. Pamba huchaguliwa kabla ya kupimwa: safi upande huu, fifi upande ule. Kinu cha kuchambulia pamba kikipokea safi tupu, kitatoa nyuzi nyeupe. Mwenye kinu akijisifu kwamba weupe huo umetoka katika mashine zake, mkulima atacheka. Ni kweli kwamba mashine mbovu huharibu hata pamba safi. Lakini mashine nzuri haikuzaa pamba.

Shule zenye jina nazo huchagua kwanza. Tuchukue mfano wa Ntare School iliyoko mjini Mbarara, shule ya Serikali ya bweni ya wavulana, ambayo wazazi wengi wa magharibi huitamani. Ilifunguliwa mwaka 1956, na mwalimu mkuu wake wa kwanza alikuwa Mskochi William Crichton. Mwaka ule ule reli ilifika Kasese ili kubeba shaba ya Kilembe. Yoweri Museveni wa Uganda na Paul Kagame wa Rwanda wote wawili walipata kusoma Ntare. Hiyo ni sifa kubwa kwa shule, wala hatuna nia ya kuipunguza. Tunataka tu kujua mlango wake una upana gani.

HESABU YA POINTI

Mtihani wa kumaliza darasa la saba una masomo manne: Kiingereza, hesabu, sayansi na maarifa ya jamii. Kila somo hupewa pointi kuanzia 1, iliyo bora, hadi 9, ya kushindwa. Basi jumla iliyo bora kabisa ni 4, na iliyo mbaya kabisa ni 36. Daraja la kwanza huanzia 4 na kuishia 12.

Sasa angalia. Mtoto wa Bwera akipata 10 amefaulu daraja la kwanza, na nyumbani kuku atachinjwa. Lakini shule kubwa za bweni hufunga mlango mapema, mara nyingi karibu sana na ile 4. Mtoto yule hatatazamwa. Baada ya miaka michache watoto walioingia na 4 na 5 watafaulu tena, na shule itasifiwa. Ingekuwa ajabu wasingefaulu! Shule ndogo iliyompokea mtoto mwenye 22 na kumfikisha chuo cha ualimu au cha ufundi imembeba mtoto huyo mwendo mrefu zaidi, ila jina lake halitaandikwa juu ya safu.

HAWAANZI MSTARI MMOJA

Kwa nini 4 na 5 hutoka zaidi kwenye shule za msingi za binafsi za mijini? Si kwamba watoto wa wenye mali wamezaliwa na akili mbili. Sababu zake zaonekana kwa macho.

Kwanza ni lugha. Tangu mtaala wa mwaka 2007, shule za vijijini zatakiwa kufundisha madarasa matatu ya mwanzo kwa lugha ya nyumbani, ambayo kwa wengi wetu ni Lhukonzo. Ni jambo jema, kwa kuwa mtoto huelewa anachosoma. Lakini mtihani wa mwisho huandikwa kwa Kiingereza, na mtoto wa shule ya binafsi ya mjini amekizoea tangu chekechea.

Pili ni tumbo. Elimu ya msingi kwa wote ilianza mwaka 1997, na ada ikaondolewa. Lakini sheria ya elimu ya mwaka 2008 yasema chakula cha mtoto ni wajibu wa mzazi. Mzazi aliye zamu kiwandani tangu alfajiri, na mshahara umeisha tarehe kumi, mtoto wake hukaa na njaa mpaka jioni.

Tatu ni hatari na misukosuko. Mto Nyamwamba ulifurika mwaka 2013 na tena mwaka 2020, ukabomoa nyumba na kuharibu hospitali ya Kilembe. Usiku wa Juni 16, 2023 shule ya sekondari ya Lhubiriha huko Mpondwe ilishambuliwa na waasi wa ADF, na wanafunzi zaidi ya thelathini wakauawa. Mtoto wa Bwera aliyeketi kufanya mtihani baada ya hayo hakupewa pointi za nyongeza kwa sababu ya msiba.

Nne ni fedha. Tangu mwaka 2007 Serikali hulipa ada katika sekondari zilizomo ndani ya mpango wake, lakini shule kubwa za bweni hazimo. Hata mtoto wa kibarua akipata 4, bado pana karo, godoro, sanduku na nauli.

JAMBO HILI SI GENI KWETU

Wazee wa Kasese wanakumbuka kwamba malalamiko ya Wakonzo na Waamba dhidi ya utawala wa Toro, yaliyoleta vuguvugu la Rwenzururu mwaka 1962, yalihusu shule pia: zilikuwa chache, na watoto walifundishwa kwa Rutooro. Isaya Mukirania, kiongozi wao, alikuwa mwalimu. Wilaya ilipatikana mwaka 1974. Hata hivyo kupata wilaya ni jambo moja, na kupata nafasi darasani ni jambo jingine.

Tazameni nafasi za Chuo Kikuu. Tangu mwaka 2005 Serikali hutenga sehemu ya udhamini wake kwa kila wilaya, ili nasi wa mbali tupate. Lakini kumekuwa na malalamiko kwamba wanaozichukua wengi ni watoto waliosomea shule kubwa za Kampala na jirani zake, wakaja kudai wilaya ya baba zao. Fungu lilitengwa kwa jina la maskini, likaliwa na mwenye nacho.

Kenya ilijaribu njia nyingine mwaka 2011: nafasi za shule za kitaifa ziligawanywa kwa kufuata idadi ya watahiniwa wa shule za umma na wa shule za binafsi. Kelele zilikuwa nyingi, lakini ilionekana kwamba upana wa mlango hupangwa na watu, na watu waweza kuupanga upya.

TUFANYE NINI?

Kwanza, kila mzazi mwanachama amwone mwalimu mkuu kabla ya kujaza fomu ya kuchagua shule. Uliza pointi zilizotakiwa mwaka uliopita. Weka shule moja ya tamaa na nyingine ya uhakika. Wasichana pia wahesabiwe hivyo hivyo.

Pili, tuingie katika kamati za shule za msingi. Uji wa saa nne hauhitaji mfadhili wa ng'ambo. Wazazi wakikubaliana mahindi na kuni, wapatikana.

Tatu, matawi yetu yapeleke suala la karo katika majadiliano na waajiri, pamoja na mishahara.

Nne, wafanyakazi tunao wabunge watano katika Bunge. Wabebe hoja hii: kila shule ya Serikali inayochagua wanafunzi itangaze ni wangapi wametoka shule za msingi za umma, na wangapi za binafsi. Kodi yetu imo katika kuta zile. Tuna haki ya kujua ni watoto wa nani wanaolala ndani yake.