Programu Huria Mbele ya Mkaguzi

Juni 2002, kampuni ya simu ya WorldCom ya Marekani ilikiri kwamba matumizi ya kawaida ya dola bilioni 3.8 yaliingizwa vitabuni kama uwekezaji, faida ikavimba. Waliofichua ni wakaguzi wake wa ndani, wakiongozwa na Cynthia Cooper, waliofuatilia miamala ndani ya mfumo wa hesabu. Mwezi uliofuata sheria ya Sarbanes-Oxley ilitiwa saini. Tangu hapo, mkurugenzi mkuu na mkuu wa fedha wa kampuni iliyo kwenye soko la hisa la Marekani huzithibitisha hesabu kwa saini zao wenyewe.

Kifungu cha 404 cha sheria hiyo ndicho kinachowaumiza kichwa mafundi wa kompyuta. Uongozi lazima utathmini kila mwaka na kuripoti kama udhibiti wa ndani wa hesabu unafanya kazi, na mkaguzi atauliza: nani ana ruhusa ya kuingia kwenye mfumo? Nani aliubadilisha, na kwa idhini ya nani? Sheria haitaji programu ya kununua. Programu huria kama Linux, PostgreSQL na Git zinaruhusiwa sawa na mfumo wowote wa leseni ghali.

Lakini wengi huiamini Git, programu ya kutunza historia ya msimbo, kupita kiasi. Ni kweli huhifadhi kila badiliko pamoja na jina na saa. Jina hilo, hata hivyo, mtumiaji hujiandikia mwenyewe. Akitaka anaweka la meneja wake. Mwenye ruhusa anaweza pia kuiandika historia upya. Ili mkaguzi aikubali, tawi kuu la msimbo lifungwe lisibadilishwe moja kwa moja, mabadiliko yatiwe saini ya kidijitali, na aliyeandika badiliko asiliidhinishe yeye.

Kumbukumbu za seva ni vilevile. Auditd, programu ya Linux ya kurekodi matukio, hufanya kazi hiyo vizuri sana, ila rekodi zikibaki kwenye seva ileile, msimamizi wake anaweza kuzifuta. Zitumwe kwa rsyslog, programu ya kusafirisha kumbukumbu, hadi kwenye mashine nyingine ambayo msimamizi huyo hana ruhusa nayo. Hili si dogo: Sarbanes-Oxley inatoa kifungo cha hadi miaka 20 kwa anayeharibu rekodi ili kukwamisha uchunguzi wa serikali.

Gharama haiishi kwa kutolipia leseni. Lazima awepo mtu anayelipwa kufuatilia masasisho ya usalama. Mimi ningeanza na mkaguzi: mwulize mapema atachukua sampuli ya rekodi zipi, kisha uandae mfumo uzitoe. Ukimngoja hadi mwisho wa mwaka, rekodi ambazo hazikutunzwa Januari hazitapatikana tena.