Nomino za Jamii na Upatanisho wa Kitenzi katika Kiingereza

Katika sarufi ya Kiingereza, nomino ya jamii ni neno lenye umbo la umoja linalotaja kundi zima la watu, wanyama au vitu, kama vile "team", yaani timu, na "committee", yaani kamati. Maana za maneno haya ni nyepesi, lakini upatanisho wake, yaani kulingana kwa kitenzi na kiima, huwatatiza wengi, kwa kuwa neno lilelile huweza kufuatwa na "is" ya umoja au "are" ya wingi na sentensi zote mbili zikawa sahihi.

Kinachoamua ni jinsi msemaji anavyolitazama kundi. Kamati ikitoa kauli moja, husemwa "the committee has decided". Wajumbe wakigawanyika, Mwingereza huweza kusema "the committee have disagreed", kwa sababu wanaobishana ni watu binafsi waliomo ndani yake. Hiari hii hutumika zaidi nchini Uingereza, ambako magazeti huandika "Arsenal are" yakiitaja klabu ya soka, ilhali Wamarekani kwa kawaida hushika umbo la neno na kutumia umoja.

Yapo maneno yasiyo na hiari hiyo. "Police" na "cattle", yaani ng'ombe, huchukua wingi ingawa hayaishii kwa herufi "s", ilhali "news", yaani habari, huishia kwa herufi hiyo na bado huchukua umoja. Vilevile, "a number of students", yaani wanafunzi kadhaa, hufuatwa na "are", lakini "the number of students", yaani idadi ya wanafunzi, hufuatwa na "is".

Kiswahili hufuata ngeli, hivyo kamati "imekubaliana" au "imegawanyika", hata wajumbe wakiwa wengi kiasi gani. Hata hivyo, maana kulishinda umbo si jambo geni kwa Mswahili, kwani kiongozi "amefika", wala si "kimefika", japokuwa neno lenyewe lina kiambishi "ki-". Kwa hiyo mwandishi wa Kiingereza anapaswa kwanza kuamua kama anazungumzia kundi au watu waliomo, kisha aushike uamuzi huo hadi mwisho wa sentensi, ili kiima kilichoanza na "has" kisije kurejelewa baadaye kwa "they".